Kiti Kilicholowa Maziwa

Kitambaa kilikuwa kikavu Kanana alipokishona, na kilikuwa kikavu bado alipokivisha kiti na kukikaza. Aligeuka kuchukua sindano nyingine. Aliporudi palikuwa na doa jeupe katikati ya kiti, la ukubwa wa kiganja, nalo lilikuwa likitanuka polepole kama kitu kinachosukumwa kutoka ndani.

Akaligusa. Lilikuwa vuguvugu. Akanusa kidole: maziwa ya ngamia, yale ya kwenye kibuyu kilichofukizwa moshi.

"Fundi Lazarus," akaita, "nani ameleta maziwa humu?"

Lazarus alikuwa amelala chali kati ya viti vya mbele, akilegeza skrubu. "Maziwa yatoke wapi, mama? Humu hata maji yangechemka."

Alisema kweli. Ndege ilikuwa imeanikwa kwenye uwanja wa Garissa tangu injini yake moja ilipokufa, na bati lake lilipigwa na jua kutwa nzima. Ilikuwa ndege kuukuu. Zamani ilibeba Wazungu kutoka Ulaya hadi Nairobi, safari ndefu za kulala njiani, wakinywa chai huku wametandikiwa vitambaa vyeupe. Ilipochakaa ikauzwa kwa kampuni ndogo, nayo ikang'oa viti vingi, ikabeba unga, askari, na watu wengine ambao hakuna aliyeuliza majina yao. Sasa ulikuwa mwaka wa tatu wa vita vya shifta, waasi wa Kisomali wa kaskazini. Wakubwa walitaka kuzuru Wajir na Mandera wakiwa wameketi vizuri, na kampuni ikaahidi kuivika ndege upya: viti, mapazia, zulia, kila kitu. Kwa kuwa kipuri cha injini kilikuwa bado njiani, Lazarus, fundi wao wa viti, aliamriwa aifanye kazi papo hapo. Akahitaji mshonaji. Muriuki, mkalimani wa serikali, akasema mke wake ana cherehani.

Ndivyo Kanana alivyoingia humo.

Kesho yake alikivua kile kiti, cha dirishani safu ya nyuma, akatupa sponji, akaweka mpya, akavisha kitambaa kingine. Kabla ya adhuhuri kikalowa tena. Alidhani labda kuna bomba linalovuja, ingawa hakuna bomba linalopitisha maziwa.

Siku moja Lazarus alikwenda mjini kula chakula cha mchana, na Kanana akabaki peke yake akipima pazia. Kwanza alisikia sauti ndogo tu, kama ya mtu anayemeza mate. Akaacha kupima. Sauti ikaja tena nyuma yake, kumeza na kuvuta pumzi, kumeza na kuvuta pumzi, kama ya mtu mwenye kiu aliyezibwa mdomo, na alipotaka kugeuka shingo ilikataa, maana harufu ya maziwa yenye moshi ilikuwa imejaa ndege nzima hadi akaionja kwenye ulimi, na ndani ya harufu ile mlikuwa na joto lisilo la jua, joto la mwili uliosimama karibu mno, na mwili huo ukainama mpaka pumzi yake ikampitia sikioni, kisha ukauliza kwa Kisomali, taratibu, kama msafiri anayeuliza njia: "Ndiwe uliyeapa?"

Kanana hakukanyaga ngazi hata moja. Alijikuta magotini kwenye mchanga, kitambaa cha pazia kimemzunguka miguu, na hakujua ametokaje.

Alikijua kiapo kilichosemwa.

Alipofika Garissa kutoka Meru, mimba imekomaa, hakumfahamu mtu. Malaria ilimkamata mara tu alipojifungua na kifua chake kikakauka. Faduma, jirani wa ng'ambo ya ua, aliyekuwa na mtoto wake mwenyewe mgongoni, alimchukua yule mtoto mchanga akamnyonyesha hadi mama yake akapata nguvu. Ndiye aliyempa jina la Sahara, nalo likashika kuliko lile la ubatizo. "Sasa huyu ni mtoto yangu pia," Faduma alisema. "Maziwa ni damu, abaayo." Tangu hapo alimwita Kanana hivyo, dada, naye Kanana akajifunza Kisomali kwenye kibaraza chake.

Mume wa Faduma, Alio, alikuwa mchuuzi wa ng'ombe ambaye ukoo wake ulimsikiliza. Kabla ya mvua Muriuki alileta habari kwamba wakubwa wanamtaka Alio Nairobi, azungumzie amani. Ataketi kwenye ndege kama mgeni na atarudi na heshima. Alio alikubali. Faduma alikataa, kwa sababu wanaume walikuwa wakichukuliwa na hawaonekani tena. Ndipo Muriuki alipomwambia mkewe, "Nenda wewe useme naye. Wewe anakuamini." Kanana akaenda. Akaapa kwa maziwa yaliyomlea mwanawe kwamba Alio atarudi salama, na Faduma akaachia mkono wa mumewe.

Mvua zilikuja zikapita. Kila Faduma alipouliza, Muriuki alijibu kwamba mazungumzo yanaendelea, na Kanana akalibeba jibu hilo hadi ng'ambo ya ua kama alivyopewa.

Lazarus aliporudi kutoka mjini, Kanana alimwomba waking'oe kile kiti. Walikivua hadi kikabaki chuma kitupu. Kwenye miguu yake miwili ya mbele kulikuwa na vipande vya kamba ya katani, vimefungwa fundo gumu, vimekatwa kwa kisu. Na katika upenyo kati ya chuma na ukuta wa ndege, kama iliyosukumwa humo na vidole visivyofika mbali, kulikuwa na tasbihi ya mbao yenye kishada cha uzi mwekundu. Uzi huo Kanana aliujua. Aliutoa yeye kwenye kisanduku chake siku Faduma alipoitunga.

"Fundi," alisema, "ndege hii ilimchukua mtu hapa kabla ya mvua. Mzee mwenye ndevu za hina."

Lazarus alijifuta mikono kwa muda mrefu. "Mimi husafiri nayo. Nilimwona akipanda, akisalimia watu. Tulipokuwa juu, wale wawili waliovaa kiraia wakamfunga. Tukatua mahali nyikani, huko kaskazini. Walishuka watatu wakarudi wawili."

"Na Nairobi?"

"Nairobi hakushuka mzee yeyote, mama. Na mimi nina watoto."

Kanana aliibana tasbihi ngumini. "Mume wangu alikuwapo?"

"Hakupanda. Alisimama chini ya ngazi. Ndiye aliyemshika mzee mkono akampandisha."

Nyumbani Sahara, ambaye sasa alikuwa na miaka mitatu, alikuwa ameanza kukataa chakula. Alifunga mdomo na kugeuza uso, na jua lilipofika utosini alikaa mlangoni akitazama upande wa uwanja wa ndege, akimeza, akimeza, ingawa kinywani hamkuwa na kitu. Mbavu zilikuwa zimeanza kuhesabika. Kila Kanana alipomkumbatia, nywele za mtoto zilinukia moshi wa kibuyu.

Jioni, milango yote ya mtaa imefungwa kwa ajili ya kafyu, Kanana aliiweka tasbihi mezani mbele ya Muriuki.

"Ulijua?"

Muriuki hakuigusa. "Punguza sauti."

"Ulijua, baba Sahara?"

"Walitaka mtu," alinong'ona. "Walisema nakaa sana na Wasomali, nakula kwao, mtoto wangu amenyonya kwao. Nilete mtu anayejulikana, la sivyo nihesabiwe pamoja nao."

"Sikuulizi kwa nini ulimpeleka. Nakuuliza kwa nini ulinituma mimi."

"Kwa neno langu Faduma hangemwachia. Kwa lako angemwachia."

Alilisema kwa upole, kama mume anayemsifu mkewe. Kanana alimtazama mtu huyu ambaye yeye alikuwa amemfulia mashati, amemwombea kanisani, amemzalia mtoto, na akaona kwamba hata sasa haoni aibu ya kile alichomfanyia yeye. Kwa Muriuki, Kanana alikuwa ufunguo tu. Mume alikuwa na mlango wa kufungua, akautumia ufunguo huo.

Doa lilikuwa limefika viti vya jirani. Mapazia mapya yalikuwa yakitoa ukungu wa manjano, na kibarua wa kutandika zulia alitoka mbio akaacha hata kofia. Kwa kuwa wakubwa walikuwa wakiingojea ndege, Lazarus alikubali Arbia aitwe. Alikuwa bibi kizee wa mtaa ulio karibu na mto, msomaji na mfukizaji, aliyejulikana hadi Modogashe. Alipanda ngazi akitanguliza chetezo cha ubani na bismillahi, akaketi kwenye ukingo wa kile kiti kitupu, akaanza kusoma. Kanana alisimama kwenye njia ya katikati, Sahara begani. Lazarus alibaki mlangoni.

Mwanzoni ilikuwa sauti ya bibi tu. Halafu moshi wa ubani, ambao ulikuwa ukipanda wima, ukalala, ukatambaa sakafuni kuelekea dirishani, bati la ndege likaanza kugonga ndani kwa ndani kama kwa kwato, na kusoma kwa Arbia kukapungua, kukawa kunong'ona, kukawa kumeza, kumeza kulekule, mpaka kichwa chake kikalala kwenye ukuta na mdomo wake ukazungumza kwa sauti ya kiume isiyo na haraka, kwa Kisomali ambacho Kanana alikielewa neno kwa neno na kutamani asingekijua.

"Mimi si Alio. Alio sasa ni mchanga wa nyikani. Nilikuwa nikipita juu ya nyika nikasikia mtu anaita kwa kiapo cha maziwa, na hakuna aliyemjibu. Nikashuka nikaketi kando yake. Tangu hapo siwezi kuinuka."

"Nani amekufunga?" Kanana aliuliza.

"Neno lako. Mwenye maziwa hajaambiwa. Mpaka aambiwe, nitakunywa hapa, na nitakunywa kwa huyo uliyembeba."

Sahara alikuwa amegeuza uso. Alikitazama kile kiti bila hofu, kama anayemtazama mtu wa nyumbani.

"Nikimwambia utaondoka?"

"Nitainuka."

"Utakwenda wapi?"

Mdomo wa bibi ulitabasamu.

Arbia alipozinduka aliomba maji, akanywa, akafunga chetezo kwenye kitambaa. "Majini mingine unachinja mbuzi, nakwenda zake," alimwambia Kanana. "Hii hapana. Hii nataka ukweli tu. Enda leo, mama. Mtoto yako hana nguvu ya kungoja."

Muriuki alimkuta akitoka uani, akasimama mbele yake. "Ukimwambia, ndugu zake Alio watanichinja. Wasiponichinja wao, wakubwa watanichukua kwa kutoboa siri. Unataka mtoto asiwe na baba?"

"Uliazima mdomo wangu bila kuniambia unabeba nini," Kanana alisema. "Leo nautumia mwenyewe."

Akampita.

Faduma alikuwa akichemsha chai. Alipoona uso wa Kanana alishusha sufuria. Kanana, Sahara begani, hakuketi. Alisimulia yote akiwa amesimama: ndege, kamba, nyika, mkono wa Muriuki kwenye ngazi, na kiapo chake mwenyewe. Kisha akanyosha kiganja chenye tasbihi.

Faduma aliipokea, akaihesabu punje kwa punje hadi kwenye kishada. Hakulia. Kutoka ndani ya nyumba zilisikika sauti za watoto wake wakigombea kitu.

"Mimi nilinyonyesha mtoto ya mtu," alisema mwishowe, "na hiyo mtu nakuja kwangu na maziwa yangu, nachukua bwana yangu nayo."

"Sikujua, Faduma. Wallahi sikujua."

"Najua hukujua. Kama ulijua, ningekuchukia, na kuchukia ni rahisi." Alinyosha mikono. "Lete mtoto."

Alimpakata Sahara, akamshikia kikombe cha maziwa mdomoni. Mtoto alisita, kisha akanywa, akanywa mpaka yakamtiririka kidevuni. Wakati huohuo, huko uwanjani, Lazarus aliona viti vikikauka kama shuka linalopigwa na upepo, na bati likatulia.

Faduma alimfuta mtoto kidevu kwa ncha ya shali yake ya garbasaari. "Sahara atakuja hapa saa yote," alisema. "Mtoto yangu, hana makosa. Wewe, Kanana, hii ua usipite tena."

Alimwita kwa jina lake. Hakumwita abaayo, wala hakumwita hivyo tena maishani.

Ndege ilimalizwa. Wakubwa waliisifu, wakaruka nayo, na Lazarus hakusikia ubaya wowote ndani yake. Ndugu zake Alio hawakuja na visu. Faduma aliwaambia waache, na hakueleza kwa nini. Lakini Muriuki alikuwa ameanza kuketi kwenye pembe ya kila benchi, kama anayempisha mtu, na mezani alivuta sahani yake pembeni. Usiku Kanana alilala na mtoto chumba kingine, akaweka kitasa. Mwishowe Muriuki aliomba uhamisho, akapewa Modogashe.

Lori lilimchukua sokoni kabla ya adhuhuri. Alipanda mbele na dereva, akajibana kwenye mlango ingawa katikati palikuwa na nafasi ya mtu mzima. Dereva akamwambia asogee. Hakusogea. Alikuwa akitazama mbele tu, jasho likimshuka.

Kanana alisimama kando ya barabara na hakupunga mkono. Sahara alipunga.

"Kwaheri, baba."

Lori likaondoka. Mtoto akapunga tena, kwa mkono wa pili, macho yake yakiwa pale katikati, kati ya dereva na baba yake.

"Na huyo, mama?" akauliza. "Mbona humuagi?"