Wakata Miwa Watatu

Asubuhi hiyo Amisa alikuwa akitwanga mpunga uani kwake, Kasongo, kama siku zote. Vita vya Wazungu na Waarabu vilikuwa vimekwisha mwaka mmoja tu uliopita. Mwanawe wa pekee, Sumaili, kijana wa miaka kumi na sita, alikuwa amechukuliwa na msafara uliokimbilia Kabambare ili abebe mizigo, na tangu hapo hakuna aliyemwona.

Barazani kwa mumewe, Kassimu, alikuwa amefikia msafiri mmoja Mzungu. Akafungua sanduku, akawaonyesha watu picha za visiwa vya bahari iliyo upande wa pili wa dunia. Amuri, mkalimani wake, akaeleza: hawa ni wenyeji, mbele ya nyumba zao za makuti, na hawa watatu waliletwa kwa merikebu kutoka visiwa vingine, wakate miwa. Watu wakacheka. Amisa akaja kutoka uani, akainama kutazama. Wa tatu, aliyesimama nyuma, alikuwa Sumaili.

"Huyu iko mutoto wangu," alinong'ona.

Amuri akamwuliza bwana wake, akaleta jibu kwa upole.

"Mama Sumaili, picha hii iko ya miaka kumi na tano. Sumaili wako alikuwa bado ananyonya."

Amisa akaitazama tena picha. Kovu lile la juu ya jicho alilijua. Yeye ndiye aliyelikanda kwa maji moto lilipokuwa bado jeraha. Mzungu alipokwenda kuoga, aliiiba picha akaificha chini ya mkeka. Kesho yake msafara wa Mzungu ukaondoka kuelekea mto Lualaba.

Mchana huo, Kassimu akiwa msikitini kwa sala ya adhuhuri, mtu akapiga hodi. Mgeni, panga mkononi, nguo zimelowa, harufu ya chumvi imemjaa. Akaonyesha mdomo wake. Amisa akampa maji kwa kibuyu. Akanywa yote, akapita uani. Nyayo zake zilifika katikati ya ua, zikakoma.

Amisa akaitoa picha. Mkata miwa wa kwanza hakuwemo. Moyo ukamruka kwa furaha: wanakuja mmoja mmoja, wawili wakipita Sumaili atafika.

Jioni jirani yao Atumani hakurudi kutoka shambani. Amisa akaitazama picha tena. Nafasi haikuwa tupu. Atumani alikuwa amesimama pale, miwa miguuni pake.

Angeweza kusema. Hakusema.

Siku ya pili akaja wa pili, akanywa, akapita. Aziza, binti wa jirani yao Faida, mtoto wa miaka kumi na mmoja, alikuwa amekwenda kisimani. Mtungi wake ulikutwa umejaa. Faida alipita njia nzima akimwita. Amisa akashika mchi, akatwanga mpunga uliokwisha kutwangwa, asimsikie.

Siku ya tatu alikaa mlangoni tangu alfajiri. Adhana ya adhuhuri ikalia. Hodi.

Alikuwa Sumaili. Amisa akamshika mkono. Baridi. Akampa maji, hakuyagusa.

"Mama," alisema polepole, "nani amebaki pahali pangu?"

Watu walikuwa wakitoka msikitini. Kassimu hakuwemo. Viatu vyake vilikuwa bado mlangoni pa msikiti. Amisa alipogeuka, Sumaili alikuwa ameshapita uani.

Akaenda kwa Faida na picha, akaanguka miguuni pake, akasema yote. Majirani wakakusanya kuni waichome. Faida akaikumbatia.

"Mutoto wangu iko ndani," alisema kwa sauti ndogo.

Hakuna aliyeleta moto.

Amisa aliondoka kwa miguu kumtafuta mwanawe kwenye njia ya Kabambare. Mara ya mwisho alionekana kijijini Wamaza, akiuliza nyumba kwa nyumba. Hakurudi.

Picha ilibaki kwa Faida. Mwaka wa tano aliwaita majirani waitazame juani, wamwambie kama macho yake yanamdanganya. Hayakumdanganya. Pichani Kassimu alikuwa na mvi kichwa kizima. Atumani hakuwepo, mahali pake palikuwa na tuta refu la udongo, kama la kaburi. Na Aziza alikuwa mwanamke mzima, mtoto mgongoni, uso wa mtoto umegeukia upande wa mbali.

Faida hakulia. Alitaka tu kujua kama ni mvulana au msichana.