Pampu ya Nduruma na Farasi Mia Nne

Kwa miaka mingi, Jumamosi katika shamba la mzee Elihuruma Sumari kule Nduruma ilianza kwa mlio wa pampu. Mlima Meru ukiwa bado umetandwa na ukungu, mzee alivuta kamba mara ya kwanza, mara ya pili, na ya tatu ile mashine ndogo ya petroli ikakohoa, ikatema moshi, kisha ikatulia na kuanza kuunguruma. Maji yakapanda kutoka mferejini na kutiririka kwenye matuta ya nyanya. Mkewe Tabea, ambaye wote walimwita Mama Tabea, alikuja na birika la chai na ndizi za kuchemsha, wakakaa watatu kwenye nyasi: mzee, mkewe, na mtoto wao wa pekee, Abdiel, suruali imelowa hadi magotini.

"Usiiangalie," mzee alimwambia mwanawe. "Isikilize. Injini yenyewe itakwambia inaumwa wapi."

Ndugu zangu, hapo ndipo Abdiel alipopata ufundi. Alipokua alifungua gereji yake Kwa Mrombo, mjini Arusha, nyuma ya soko, na watu walileta magari kutoka Usa River hadi Monduli kwa sababu ya sikio lake. Mzee alipofariki, Abdiel alisimama kaburini na kumwambia mama yake, "Mama, Jumamosi ni yako. Pampu nitaiwasha mimi."

Na aliiwasha kweli. Miaka minne mfululizo, yeye na mkewe Nice waliteremka Nduruma kila Jumamosi, wakamwagilia, wakanywa chai, wakarudi mjini jioni na tenga la nyanya. Ukimuuliza leo, atakwambia hajawahi kuwa tajiri kama miaka ile, ingawa mfukoni hakuwa na kitu cha kujivunia.

Kisha likaja lile gari.

Lilikuwa gari la Kijapani la milango miwili, fupi kwenda chini, rangi nyekundu iliyopauka. Mteja mmoja aliyekuwa akihama nchi alimwachia likiwa halitembei. Injini yake ni ya rotari. Kwa msomaji asiyejua, injini hiyo haina pistoni zinazopanda na kushuka kama za magari yetu; ndani yake kuna vyuma vya pembe tatu vinavyozunguka kwenye chumba chenye umbo la yai. Ni injini ndogo, nyepesi, yenye hasira, na ni mafundi wachache tu wanaothubutu kuifungua. Abdiel aliifungua. Akabadilisha sili zote zinazozuia presha isivuje, akang'oa turbo mbili ndogo zilizokuja nalo, yaani feni za kusukumia hewa kwenye injini, akafunga moja kubwa kama sufuria ya ubwabwa. Siku lilipowaka, moshi wake wenye harufu ya oili iliyochanganywa kwenye petroli ulimkumbusha shamba la baba yake, akasimama pale gereji machozi yakimlengalenga.

Mimi siwezi kumlaumu mtu kwa kupenda kazi nzuri. Ugonjwa haukuanzia hapo.

Ugonjwa ulianzia kwa rafiki yake Aristides, Mchaga wa Marangu mwenye gereji kubwa njia ya Njiro, pale alipoleta daino, yaani mashine ya kupimia nguvu ya gari. Gari linapandishwa, magurudumu yanakaa juu ya marola, vyuma vya mviringo vinavyozunguka, linafungwa kwa mikanda mbele na nyuma, kisha linakanyagwa mafuta hadi mwisho bila kusogea hata hatua moja. Kompyuta inachora mstari, na kileleni mwa mstari pana namba: nguvu za farasi.

Mara ya kwanza namba ilikuwa mia tatu na kumi na mbili. Abdiel aliipiga picha akaituma kwenye kundi la WhatsApp la wapenda magari. Simu haikupoa siku nzima. "Fundi wa Taifa!" "Arusha mmetisha!" Mtu aliyezoea kushukuriwa na mteja mmoja mmoja, sasa alisifiwa na watu mia mbili asiowajua. Alizisoma sifa zile kitandani, akazisoma tena akipiga mswaki. Wiki iliyofuata fundi mmoja wa Dar akaonyesha gari lake likitoa mia tatu na tisini. Tangu siku hiyo Abdiel hakupata usingizi mzuri.

"Hewa ya huku juu ni nyepesi," Aristides alimweleza. "Turbo yako inazunguka kwa nguvu zaidi kupata presha ileile wanayoipata wao pwani kwa urahisi. Tutapandisha taratibu. Kidogo mafuta, kidogo moto, tunapima, tunaangalia. Rotari ukiinyima mafuta sekunde mbili tu, imekufa."

"Lini una nafasi?"

"Jumamosi."

Abdiel alisita kidogo sana, akasema, "Sawa."

Jumamosi ya kwanza alimpigia mama yake kuomba radhi. Jumamosi ya pili alisahau kupiga. Wiki ya tatu mama ndiye aliyepiga.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, baba. Hamjambo huko? Nice hajambo?"

"Hatujambo, mama."

"Pampu imegoma, baba. Inawaka, inakohoa, inazima. Na mvua ndiyo hii imetukimbia."

"Nakuja Jumamosi, mama. Usiiguse."

Jumamosi ilipofika, gari lilikuwa juu ya marola tena. Nice alimfuata mumewe mlangoni. "Baba, nyanya za mama zimeanza kutoa maua. Hiyo ni kazi ya nusu saa. Twende asubuhi, wewe urudi kwa Aristides mchana."

"Mchana ana wateja. Wiki ijayo, mke wangu. Namba ikifika mia nne nimemaliza kabisa."

"Basi tumpelekee fundi mwingine."

Abdiel akampigia mama kumuuliza kama amtumie Lemayian, fundi wa pikipiki wa palepale Nduruma. Mama Tabea akacheka. "Mashine ya baba yako haiguswi na mgeni. Nina fundi wangu niliyemzaa mwenyewe. Nitamsubiri."

Msomaji wangu, maneno hayo yangemtoa mtu mbio. Abdiel yeye aliona fahari, kisha akayachukua kama ruhusa ya kuchelewa. Hakujua kwamba mama yake, mwenye umri wa miaka sabini na moja, alikuwa ameanza kuchota maji ya mfereji kwa ndoo, tuta kwa tuta, ili nyanya zisife.

Jumamosi ya tano kulikucha jua kali. Abdiel alifika Njiro saa mbili, gari likafungwa mikanda, feni kubwa ikawekwa mbele ya rejeta inayopoza injini. Kabla ya kukaa kwenye usukani aliisimamisha simu yake juu ya kabati la spana ielekee kioo cha kompyuta, akawasha video. Kisha akakumbuka kitu, akairudia, akauzima mtandao wote. Hakutaka mtu apige na kuikata video katikati.

Mara ya kwanza, mia tatu themanini na saba. Aristides akabonyeza vitufe, akaongeza mafuta pale juu. Mara ya pili, mia tatu tisini na sita.

"Tuishie hapa," Aristides akasema. "Joto limepanda. Acha lipoe, utarudi siku nyingine."

"Moja tu, kaka. Moja ya mwisho."

Wakalipoza karibu saa nzima. Abdiel akakanyaga. Lile gari likalia kwa sauti ya juu isiyo na mfano, mabati ya gereji yakatetemeka, moto wa buluu ukatoka kwenye bomba. Mstari ukapanda, ukapanda. Mia nne na nne. Mafundi wa pale wakapiga makofi, Aristides mwenyewe akamkumbatia. Abdiel alichukua simu akicheka, akafungua mtandao ili atume video.

Simu ikaanza kulia mfululizo mkononi mwake. Hazikuwa sifa. Zilikuwa taarifa za simu kumi na moja kutoka kwa mama Fransiska, jirani wa Nduruma, na saba za Nice. Kabla hajasoma, Nice akapiga tena.

"Uko wapi wewe? Mama ameteleza ukingoni mwa mfereji akiwa na ndoo. Hawezi kuinuka. Fransiska amekupigia tangu saa tatu, mwisho akanitafuta mimi. Nimepata pikapu ya wabeba nyanya, ndiyo inampeleka hospitali sasa hivi."

Ilikuwa inakaribia saa sita.

Abdiel alirukia mlango wa gari lake. Aristides akamshika mkono. "Limefungwa mikanda, na kulifungua kutatuchelewesha. Panda langu, nakupeleka."

Mama Tabea alikuwa amelala kwenye tope kwa zaidi ya saa mbili, kichwa kwenye mapaja ya Fransiska, kwa sababu wanaume wa jirani walikuwa wamekwenda mnadani. Mfupa wa nyonga ulikuwa umevunjika. Walimfanyia upasuaji, Mungu akasaidia, akapona. Ila daktari aliwaambia waziwazi kwamba kulima basi.

Wiki moja baadaye Abdiel alikwenda shambani peke yake. Nyanya zilikuwa zimekauka, isipokuwa matuta matatu ya mwisho ambayo mama aliwahi kuyamwagilia. Akafungua kabureta ya pampu. Ndani ya tundu la petroli alikuta chembe ya uchafu, ndogo kama punje ya ulezi. Akalizibua tundu kwa uzi wa waya wa breki, akavuta kamba. Iliwaka mara ya kwanza. Tangu alipoishika spana hadi maji yalipotoka, robo saa haikutimia. Alikaa chini kwenye nyasi, mtu mzima, akalia kwa sauti.

Jioni hiyo, kando ya kitanda cha mama yake, alimwambia ukweli wote, hata habari ya mtandao aliouzima.

"Mama, ungemwita tu Lemayian. Angeitengeneza siku ileile."

"Najua, baba. Lemayian ni fundi mzuri."

"Sasa kwa nini hukumwita?"

"Niliogopa ikipona hutakuwa na sababu ya kuja."



Watu wengi huniuliza kama aliliuza lile gari. Hakuliuza. Gari halikumkosea mtu. Lipo gereji limefunikwa turubai, na mara mojamoja hulitoa. Namba ile hakuituma kwenye kundi. Mama Tabea sasa anaishi Kwa Mrombo kwa mwanawe, anatembea kwa fremu ya chuma, na shamba linalimwa na watu wengine. Nice anamhudumia vizuri, chakula hakikosekani. Lakini mama akikaa kibarazani huwatajia wapita njia majina aliyoyapa matuta yake ya nyanya, kana kwamba bado yapo.

Funzo la Kisa Hiki

Ndugu zangu, kupenda kazi au mchezo si dhambi. Dhambi ni kuzigeuza sifa za watu tusiowajua kuwa pombe, tukanywa mpaka tukasahau wanaotungoja. Sifa hazina kiwango cha kushiba. Ukifika mia nne, mwenzako ataonyesha mia nne na hamsini.

Mzazi akikuita kwa jambo dogo, usipime udogo wa jambo. Mara nyingi si bomba lililoharibika wala bati linalovuja. Anakuita wewe, na ameona haya kusema hivyo. Nenda. Nenda wiki hii, mkono wake ukiwa bado una nguvu ya kukumiminia chai.