Ukungu kwenye Kioo cha Saa

Haya yalimkuta shoga yangu, mpiga picha za bidhaa, na mpaka leo ukimgusia anawaka, maana hakuna anayemwamini. Shemeji yake, muuza saa za mkono, alimrudishia picha kwa mara nyingine.

"Kioo kina ukungu. Kazi gani hii, shemeji?"

"Ukungu uko machoni pako!" alimjibu, mori umempanda. Kioo hicho alikifuta kwa mkono wake mwenyewe.

Mchana kweupe akaziba madirisha kwa kitambaa cheusi, ili mwanga wa nje usiakisi kwenye kioo. Akawasha taa moja ya pembeni, akasogeza kamera mpaka saa ikajaa kwenye skrini. Ukungu ulikuwepo. Akausugua kwa hasira, wapi!

"Pumzi yangu hiyo," alifoka, akaibana.

Chumba kikawa kimya kabisa. Ukungu ukatanda, ukapungua, ukatanda tena, taratibu, kama pumzi za mtu aliyelala. Kisha akasikia mlio mwembamba, wa kidole kinachosugua kioo kilicholowa. Mikono yake ilikuwa kwenye kamera. Kwenye skrini, ukungu ulikuwa unafutwa, kwa upande wa ndani.