Rangi ya Chini

Jioni ile nilikuwa nakusanya chaki zangu pale Malaba, kando ya malori yanayosubiri kuvuka kwenda Uganda. Kazi yangu ilikuwa kuchora picha ndogo za wanyama, zenye ukubwa wa kiganja. Mbwa, ng'ombe, jogoo. Madereva walizipenda kuliko walivyowapenda wake zao. Nilichora juu ya msasa, ile karatasi ya maseremala, maana inashika vumbi la chaki vizuri.

Mwanamke mmoja akasimama mbele yangu na mbuzi mweusi. Juu ya jicho la kushoto mbuzi alikuwa na alama ndefu isiyo na manyoya.

"Dada Alaso, nichoree huyu," alisema kwa sauti ya chini.

Sikumjua. Jina langu alilitoa wapi? Lakini mteja hafukuzwi, na tangu kaka yangu Oluka avuke kwenda Tororo kuuza sabuni asirudi, nyumbani tulibaki mimi na Mama tu. Miaka ile ya sabini watu walikuwa wakipotea ng'ambo, na nani angethubutu kwenda kuuliza? Mama aliomba kila jioni mwanawe arudi. Mimi nilikuwa nimeanza kuchoka kungoja, na nilijichukia kwa hilo.

Nikapaka rangi ya chini. Kwangu hiyo ni udongo mwekundu uliokorogwa na maji mengi. Ikikauka ndipo naweka chaki, tabaka juu ya tabaka, giza kwanza, mwanga mwisho. Bila rangi ya chini, mnyama huonekana amekufa.

Ikakauka.

Kilichojitokeza hakikuwa mbuzi...

Paji la uso wa mtu. Mashavu. Kovu juu ya jicho la kushoto, lile Oluka alilopata utotoni alipopigwa teke na ng'ombe.

Nikajiambia ni hamu tu. Na sisi wa chaki, rangi ya chini ikituharibikia hatufuti, tunafunika, maana msasa ukisuguliwa sana unakufa. Nikafunika kwa bluu nzito. Uso ukajitokeza. Nikaweka kahawia, nikasugua kwa kidole gumba. Ukajitokeza tena, safari hii mdomo wazi.

"Ongeza," mwanamke alinong'ona. Alinuka majivu yaliyomwagiwa maji.

Mbuzi akanisogelea, akauma pindo la sketi yangu. Akavuta. Polepole... akavuta tena. Oluka alikuwa akinivuta hivyo tukiwa wadogo, akitaka twende nyumbani.

Nilitaka kuacha. Mkono haukunisikiliza, uliongeza tu: weusi, manyoya, nukta nyeupe ya jicho. Uso ukazama. Ikawa picha nzuri kuliko zote nilizowahi kuchora.

"Sasa maziwa."

Alijua hata hilo! Mwisho wa kazi mimi hupuliza maziwa mepesi kwa kikonyo cha jani la mpapai, vumbi lishikane lisitoke tena.

"Huyu anasumbua sana kwenye kamba," alisema. "Mfunge vizuri."

Nikapuliza.

Mbuzi akaachia sketi yangu. Mwanamke akachukua picha, akamburuta mbuzi kuelekea sokoni Chakol bila kugeuka. Mimi nikabaki na kikonyo mkononi.

Nyumbani nilimkuta Mama akiomba. Maji yalikuwa yameshamwagika. Na ningemwambiaje Mama kwamba nimemwona mwanawe kwenye msasa, nikamfunika?

Jumapili kwaya ilinichelewesha kanisani. Nilipofika nyumbani majirani walikuwa wamejaa uani, na harufu ya mchuzi ilinipokea njiani. Mama alikuwa amenunua mbuzi sokoni Chakol, tule pamoja tukimwombea Oluka arudi.

Ngozi nyeusi ilikuwa imewambwa chini juani. Kichwa kilikuwa kando ya moto, bado hakijachomwa. Juu ya jicho la kushoto...

"Alikuwa mpole huyo," Mama alisema, akicheka kwa mara ya kwanza tangu Oluka avuke. "Hata sikuwa na mpango wa kumnunua. Alinishika sketi akavuta, akavuta, mpaka nikamwonea huruma."

Midomo yake iling'aa mafuta. Akanijazia sahani, akaniletea mwenyewe, na majirani wote wakageuka kunitazama.

"Kula, mwanangu. Ndugu yako atarudi."

Kidole gumba changu bado kilikuwa na weusi wa chaki.

Nikapokea sahani.