Shamba la Idete Haliuzwi kwa Ukuta

Jumamosi, tarehe 8 Juni 2024. Asubuhi hiyo ukungu ulishuka kutoka milima ya Udzungwa ukalala juu ya Ifakara. Baridi iliuma mpaka saa tatu, jua lilipotokeza.

Dorotea wa eneo la Viwanja Sitini alimaliza sala yake ya asubuhi, akatandaza turubai uani na kuanika mpunga. Mpunga huo ulitoka kijiji cha Idete, katika shamba aliloachiwa na marehemu mumewe. Lilikuwa ekari moja tu. Lakini ekari hiyo ndiyo iliyowalisha watoto wake na kuwasomesha kwa miaka tisa ya ujane.

Akaingia jikoni kukoroga uji. Alipotoka, aliwakuta ng'ombe watatu wameinamia turubai, wanatafuna kama walioalikwa. Uzio wake wa matete ulikuwa umelala chini. Mchwa walikuwa wameula miguu, na maji ya masika yakamalizia.

Mwenye ng'ombe alikuja mbio. Alikuwa Ngusa, jirani wa mtaa wa pili, Msukuma aliyehamia bondeni na mifugo yake. Wakati wa kiangazi alikuwa akiwajengea watu uzio kwa malipo. Aliomba radhi, akaleta madebe matatu ya mpunga kufidia. Kwa Dorotea jambo likaisha.

Kwa Teofili halikuisha. Huyu alikuwa mdogo wa marehemu. Kesho yake, baada ya misa, alifika na dada yake Apolonia, wifi wa Dorotea, pamoja na mwenyekiti wa mtaa, mzee Viktor. Alisema ukoo unachekwa. Mtaa mzima una kuta, ila nyumba ya kaka yake iko wazi kama gulio. Tena alikuwa ameshapiga hesabu. Tofali za mita moja ya ukuta ni shilingi 26,000. Kiwanja kina mzunguko wa mita mia moja. Jumla, 2,600,000. Na yuko mtu anayelitaka shamba la Idete kwa bei hiyo hiyo.

"Unaona, shemeji?" alisema Teofili. "Mungu mwenyewe amelinganisha."

"Usimsingizie Mungu," alijibu Dorotea. "Wanangu watakula nini? Ukuta hauchemshwi."

Apolonia alificha kicheko katika kitenge. Teofili hakucheka. Alisema mwanamke peke yake hawezi kuamua mambo ya ukoo. Dorotea akaomba wiki moja. Mzee Viktor akasema apewe.

Usiku ule Dorotea hakuomba fedha. Aliomba akili. Asubuhi akaenda kwa Ngusa, akamwambia amfundishe.

"Kosa la wengi ni kuuliza bei ya tofali," alisema Ngusa. "Wewe uliza bei ya mita moja ya uzio uliosimama. Kisha uliza utasimama miaka mingapi. Na usinisikilize mimi tu, maana mimi nauza kazi yangu. Pita kwa mafundi wengine."

Walichukua kamba, wakaifunga fundo kila mita, wakapima kiwanja. Kumbe upande wa nyuma, mita ishirini, tayari ulikuwa na ukuta wa jirani. Dorotea alikwenda kumwomba jirani huyo wautumie wote, naye akakubali mbele ya mjumbe. Zikabaki mita themanini. Siku tatu Dorotea alizunguka kwa mafundi na madukani. Kila bei aliyopewa aliiandika kwa mkaa kwenye ukuta wa jiko.

Jumapili ikafika, na wale watatu wakarudi. Teofili alipomwona Ngusa ameketi, akauliza tangu lini mwizi akafundisha watu kufunga kufuli.

"Mjuzi wa uzio ni mwenye ng'ombe, kaka," alisema Ngusa. "Ng'ombe ndiye mkaguzi."

Dorotea aliwaingiza wote jikoni, akasoma ukutani taratibu. Hesabu ya Teofili ilikuwa ya tofali tu. Haikuwa na msingi, saruji, mchanga, nondo wala fundi. Ukiviweka vyote, mita moja ya ukuta ni 70,000. Mita themanini ni 5,600,000.

"Nikiuza shamba, napata ukuta wa mita thelathini na saba," alisema. "Ng'ombe watapita mita ya thelathini na nane. Na mwakani tutakuwa hatuna mpunga wa kuliwa, si na wao wala na sisi."

Akaendelea. Mabati na nguzo ni 22,000 kwa mita, jumla 1,760,000. Hudumu, lakini upepo mkali huyang'oa, na kutu huyala. Matete ni 3,000, jumla 240,000. Yanaonekana rahisi, ila kila mwaka ni mapya. Kwa miaka kumi ni 2,400,000. Hapo Dorotea alikiri kwamba kosa hilo lilikuwa lake mwenyewe.

Mwisho akasoma seng'enge kwa nguzo za mitiki, 9,000 kwa mita, yaani 720,000. Miguu ya nguzo huchomwa moto kidogo mpaka iwe nyeusi, ili mchwa wasiipende. Kando yake hupandwa miche ya michongoma, 64,000. Seng'enge ikizeeka, miiba imeshakuwa uzio. Apolonia aliuliza kwa nini wasipande minyaa, ambayo matawi yake hukatwa bure na kuchomekwa tu ardhini. Ngusa akasema kwao hupandwa sana, lakini maji yakisimama huoza, na utomvu wake ukiingia machoni ni hatari.

Jumla ilikuwa 784,000. Dorotea angeuza magunia kumi ya mpunga. Manane yangebaki ya kula.

"Nitauza mavuno. Shamba siuzi," alisema. "Anayetaka ukuta, alete ekari yake."

Teofili aliondoka bila kuaga.

Julai nguzo zikasimama. Mvua za kwanza ziliponyesha, miche ikapandwa. Dorotea aliipalilia kila Jumamosi huku akisali rozari. Masika ya 2025 maji yalijaa mtaani. Yalipita katikati ya seng'enge yakaenda zake. Katika nyumba ya tatu kutoka kwake, ukuta uliojengwa bila msingi wa kutosha wala matundu ya maji ulianguka wote. Mwenye nyumba alisema laiti angeuliza kwanza.

Juni ikarudi. Mpunga ulianikwa uani, na ng'ombe wa Ngusa walisimama nje wakiutazama tu. Dorotea aliwaalika wote kula wali mpya. Teofili naye alikuja. Alilizunguka boma zima, akaisukuma nguzo moja kwa bega. Haikutikisika. Michongoma ikamchoma mkono.

Akaketi, akanong'ona kitu.

"Sema kwa sauti, shemeji," alisema Dorotea. "Mzee Viktor hasikii vizuri."

Teofili alisimama. Akavua kofia.

"Mbele ya dada yangu, mbele ya mwenyekiti na Ngusa, na mbele ya Mungu: shamba la Idete ni la Dorotea na wanawe. Sitataja tena kuliuza, na atakayelitaja atanikuta mimi."