Taa Kubwa Mtoni Nzoia

Phelista akimaliza kukamua ng'ombe asubuhi, hakai. Humpa mama yake maziwa ya chai, huchukua mbao yake nyuma ya jikoni na kushuka mtoni. Mdogo wake Bilha humfuata, bado anatafuna kiazi. Kwao ni Matulo, karibu na Webuye. Mto Nzoia unapita chini ya shamba lao la mahindi.

Pale chini kuna mwamba uliolala ndani ya maji. Maji yakiuruka mwamba huo, hufanya wimbi lisilohama. Phelista alijifunza mwenyewe kusimama kwenye wimbi hilo juu ya mbao. Alijifunga kiunoni kamba ya ng'ombe, na upande wa pili akaufunga kwenye mti. Majirani walimcheka mpaka wakachoka. Sasa vijana wengi wanataka kujifunza, na Phelista ana neno moja tu mdomoni: mashindano. Naye akishaamua jambo, hata ng'ombe wa kwao wanajua halibadiliki.

"Tutafanya giza ikiingia," alimwambia mama yake, Wilkista. "Mchana watu wako shambani. Na hii Agosti ya tohara watu wamezoea kukesha wakiimbia vijana. Hesbon ataleta taa."

Hesbon ni kaka yao. Anaishi Matisi, mjini Kitale. Kazi yake ni kukodisha spika na taa kubwa za harusi.

"Ati mtoni usiku?" Wilkista aliuliza. "Mimi siji."

"Mama, hizo taa zinafanya usiku inakuwa kama mchana."

Wilkista aliendelea kuchambua maharagwe. Hakusema ndiyo, hakusema hapana, na Phelista akajifanya amekubaliwa.

Siku ilipofika, Hesbon alikuja na jenereta, taa na jirani yake wa Matisi. Huyo jirani ni Jerono, mwalimu wa kuogelea katika shule moja ya Kitale. Walimwomba awe refa. Viatu vya Hesbon vilikuwa vimejaa matope.

"Kitale imenyesha tangu jana, bana," alisema. "Barabara yetu ni matope tupu."

"Hapa hata wingu hakuna," Bilha alisema. "Si tuko na bahati?"

Watu walijaa kando ya mto. Giza lilipoingia, Hesbon aliwasha taa, na watu wakapiga vigelegele. Maji yaling'aa meupe kama maziwa. Phelista alijisikia vizuri sana. Bilha ndiye angeingia wa kwanza, kwa hiyo Phelista alimfunga kamba kiunoni, fundo juu ya fundo.

"Ngojea kidogo," Jerono alisema. "Hiyo kamba mnafunga hivyo kila siku?"

"Ndio, mwalimu. Ndio asiende na maji."

"Akianguka, maji inamsukuma na kamba inamvuta. Hawezi kutoka. Atabaki chini ya maji, na hilo fundo hakuna mtu atafungua. Kamba ya mtoni inashikwa na mkono. Ukizidiwa, unaachilia."

"Tumefanya hivi mwaka mzima. Hakuna mtu ameumia."

"Mchana," Jerono alisema. "Sasa nisaidie kitu kimoja."

Aliomba dumu la manjano kutoka kwa mama mmoja aliyekuja kuchota maji. Alilifunga kifuniko likiwa tupu.

"Nyinyi wote angalieni hii dumu," alisema. "Mwenye ataiona ikifika pale kona, aseme."

Alilitupa majini, upande wa juu wa mwamba. Dumu liliruka wimbi, likang'aa, likafika pale mwanga unapoishia. Halikuonekana tena.

"Iko wapi?" Jerono aliuliza.

"Si iko tu hapo," Phelista alijibu.

"Hapo wapi?"

Phelista aliinua mkono, lakini hakujua aonyeshe wapi.

"Hiyo ni dumu ya manjano, na inaelea," Jerono alisema. "Mtu ana kichwa nyeusi, na anazama. Macho yenu imezoea huu mwangaza mkali. Nje yake hamuoni kitu. Na Bilha akiwa kwa maji, taa itampiga machoni. Hatajua jiwe ni gani na kivuli ni gani."

"Tuongeze taa huko chini," Hesbon alisema.

"Utaongeza mpaka Mumias, kule mto unaenda?"

Watu wengine walicheka. Phelista hakucheka. Alikuwa na hasira, na alitamani Jerono angebaki kwake Kitale. Mwaka mzima ameipigania siku hii, na watu wote hawa wamekuja kwa ajili yake.

Jerono alimgeukia Bilha. "Maji ikijaa hapa, mnajua aje?"

"Rangi inabadilika," Bilha alijibu mara moja. "Inakuwa nyekundu."

"Saa hii ni rangi gani?"

Bilha aliangalia. Phelista pia aliangalia. Chini ya taa, maji yote yalikuwa meupe. Phelista akageuka haraka.

"Hesbon, zima taa," alisema.

Aliwasha tochi ndogo, akashika mti kwa mkono mmoja, akamulika chini karibu na miguu yake. Maji yalikuwa mekundu, yamebeba majani mabichi na mabua ya mahindi. Bilha alikuwa ameacha viatu vyake juu ya jiwe la ukingoni. Viatu havikuwepo. Hata jiwe lenyewe halikuwepo.

"Hii ni ile mvua yetu," Hesbon alisema polepole. "Ile ya jana."

"Nzoia inabeba maji ya Kitale na ya milima ya Cherang'any," Jerono alieleza. "Inachukua muda kufika huku. Inaweza kufika kama kwenu ni jua kali, ama usiku kama hamuoni. Kabla mtu aingie, pigieni mtu wa huko juu simu mumuulize kama imenyesha."

Phelista alianza kufungua kamba kiunoni mwa mdogo wake. Fundo lilikaza, na mwishowe alilifungua kwa meno. Akawaza fundo hilo chini ya maji, gizani.

Kisha alisimama mbele ya watu.

"Leo hakuna mtu anaingia kwa maji," alisema. "Nimekosea. Lakini mashindano iko. Itakuwa mchana."

"Aah, Phelista ameogopa!" kijana mmoja alisema kwa sauti.

"Ndio, nimeogopa. Na wewe uogope pia."

Kesho yake alianza kazi. Alisimamisha mti mtoni na kuupaka alama nyekundu: maji yakipita alama, hakuna kuingia. Kamba ya ng'ombe ilirudi kwa ng'ombe. Jerono aliwafundisha vijana kurusha kamba ya kuokolea, na pia kulala chali miguu ikitangulia mtu akichukuliwa na maji. Phelista alipanda gari hadi Bungoma kuongea na Gagandeep, mwenye duka la vifaa vya michezo. Alirudi na majaketi ya kuelea ya kuazima. Kuhusu wakati, alichagua Jumapili baada ya kanisa, kwa sababu siku hiyo hakuna anayelima.

Maji yaliposhuka chini ya alama, na Hesbon alipopiga simu kusema Kitale ni kukavu siku kadhaa, mashindano yakafanyika. Wilkista alikuja na mwavuli wake wa kanisani. Watazamaji walipangwa kando ya mto mpaka kwenye kona, na Phelista mwenyewe alisimama mwisho na kamba.

Bilha alisimama juu ya wimbi, akageuka vizuri, watu wakamshangilia. Halafu akateleza, akaanguka.

Aliachilia kamba ya mkononi na kulala chali. Jaketi lake la rangi ya chungwa lilionekana kila mahali alipopita, na watu walilifuata kwa vidole. Phelista alirusha kamba. Haikufika. Aliivuta upesi, akarusha tena. Bilha akaidaka, na watu wakamvuta mpaka nchi kavu; wengine wakaiopoa mbao yake. Alikohoa, akatema maji, akaanza kucheka.

Phelista alipanda ukingoni huku ameinamisha kichwa. Hakujua mama yake atasema nini.

"Sikutoa macho kwake hata mara moja," Wilkista alisema. "Tangu ameanguka mpaka ametoka. Sasa mpe mbao yake. Zamu yake haijaisha."