Bwana Domo Aliyevaa Koti

Cherehani ya mama iliamka mapema kuliko majirani. Mama alikuwa fundi wa nguo, na sebule yake ndiyo iliyokuwa karakana. Palikuwa na meza ya kukatia, pasi, kioo kirefu, na mabaki ya vitambaa kila kona. Mama alikuwa msemaji hasa. Aliongea na wateja, aliugombeza uzi ukikatika, na hata pasi aliisemesha.

Binti yake alikuwa kinyume chake kabisa. Watu walimwita Kimya. Alikuwa darasa la pili, na nyumbani alisoma kwa kunong'ona bila kukosea. Lakini akiambiwa asome mbele ya darasa, midomo iligoma. Mwalimu mkuu alimwambia mama waziwazi kwamba asiposoma kwa sauti mwisho wa muhula, atarudia darasa.

Mama akaingiwa na wasiwasi. Akaomba Kimya atolewe kwenye kipindi cha sanaa. Wenzake wakiimba na kuchora, yeye abaki na kitabu.

"Huko wanacheza tu," mama alisema. "Mwanangu hana muda wa kuchezea."

Wiki zikapita. Kimya alikaa na kitabu chake peke yake, na sauti haikutoka.

Asubuhi moja mama alikuwa akitia mafuta cherehani, yakamwagika. Akanyakua kitambaa kilichokuwa karibu, akafutia. Kumbe ilikuwa soksi ya kijani yenye macho ya vifungo.

"Mama, acha!" Kimya alipiga kelele. "Huyo ni Bwana Domo! Nilimtengeneza kwenye sanaa, kabla hujanitoa!"

Mama aliduwaa. Hakujua kuwa mtoto wake ana sauti kubwa kiasi kile.

Mchana mwalimu wa sanaa alikuja kujaribu gauni lake. Mama alipiga magoti kupima upindo, pini zimejaa mdomoni. Mwalimu akacheka.

"Leo huwezi kunijibu, Mama Kimya. Basi nisikilize. Mtoto wako anaogopa kutazamwa. Akivaa kikaragosi chake mkononi, watu hutazama soksi. Yeye hupata nafasi ya kusema. Bwana Domo alishatusimulia hadithi nzima!"

"Mmh!" mama aliguna.

"Usigune. Mtoto anapotunga hadithi, anajifunza kupanga maneno. Anapoimba, anazoea kutoa sauti. Anaposhona macho ya soksi, vidole vinapata wepesi wa kushika kalamu. Wakiigiza pamoja, wanajifunza kusikilizana. Yote hayo yanamsaidia kusoma. Sanaa ni somo, tena somo kweli."

Mama alizitema pini mkononi. Machozi yalimlengalenga.

"Mwalimu, nilimnyima mwanangu dawa nikidhani ni peremende. Kesho anarudi."

Jioni ile mama na Kimya waliifua soksi. Doa la mafuta likakataa kutoka. Kimya akachagua vipande vya njano na bluu, mama akamwonyesha namna ya kushona, na Bwana Domo akapata koti la kufunika doa. Tangu hapo kila mteja aliyekuja alisomewa na Bwana Domo, apende asipende. Shuleni nako Kimya akarudi kuimba, kuchora na kuigiza na wenzake.

Siku ya kusoma ikafika. Wazazi walijaa darasani. Kimya alisimama, kitabu mkono mmoja, Bwana Domo mkono wa pili. Bwana Domo akafungua kinywa, akasoma kwa madaha. Watu wakacheka kwa furaha.

Ukurasa ukaisha. Mkono wenye soksi haukuweza kufunua ukurasa unaofuata. Ukajaribu, ukateleza.

Kimya akavua soksi, akaibana kwapani. Akafunua ukurasa. Akavuta pumzi.

Akasoma. Ilikuwa sauti yake mwenyewe, kubwa na safi, mpaka neno la mwisho.

Makofi yakalipuka. "Darasa la tatu!" mwalimu mkuu alitangaza.

"Jamani, huyu mtoto wa nani?" aliuliza mzazi mmoja.

Mama alitaka kujibu. Safari hii midomo iliyogoma ilikuwa yake.

"Wa fundi yule pale!" Kimya alijibu kutoka mbele, na waliokuwa nje ya dirisha wakamsikia.